Mstari mwekundu: shajara ya mwaka wangu wa mwisho wa shahada

6 Januari 2024

Zimebaki kozi tatu na tasnifu. Leo baada ya kuwalaza watoto nimepiga hesabu ambayo ilinipasa kuipiga siku ya kwanza. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya kwanza haipungui krediti 360, na krediti moja inahesabiwa saa kumi za kazi ya mwanafunzi: kusoma, kuandika, mitihani, kila kitu humo humo. Jumla saa 3,600. Mimi nikijikaza napata saa 15 kwa wiki, nyingi zikiwa za baina ya saa tisa na nusu usiku na adhana ya alfajiri. Gawanya: wiki 240. Miaka minne na nusu na ushei, hapo hajaugua mtoto, hajafa jirani, hakuna harusi. Na mimi nilijiandikisha nikitangaza kwa watu kuwa ni miaka mitatu tu! Siku zote nikijiona mzembe, kumbe nimeshindwa hesabu ya darasa la tano.

Huu ni mwaka wangu wa tano, na lazima uwe wa mwisho. Zamu yangu ya upatu inafika Septemba, na zamu mbili zilizopita zote zimeliwa na ada.

Kwa atakayesoma: mimi ni mwalimu mkuu msaidizi wa skuli ya msingi wilaya ya Micheweni, Pemba, na nakaa Wete. Nasomea uongozi na utawala wa elimu kwa masafa, njia ambayo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeitembea tangu sheria yake ya 1992 na vyuo vyengine vikaifuata. Chuo changu sikitaji, kwa sababu humu ndani kitalalamikiwa.

Kaka yangu akisikia nasomea uongozi hucheka. "Cheo si umeshapewa? Sasa karatasi ya nini tena?" Sijawahi kumjibu vizuri. Cheo nilipewa kwa kuwa nikifundisha hisabati watoto wanaelewa. Kumfahamisha mtoto sehemu na desimali ni kazi moja. Kumwambia mtu mzima, aliyekufundisha wewe mwenyewe darasa la tatu, kwamba amechelewa, hiyo ni kazi nyengine kabisa na hakuna aliyenifundisha.

14 Januari

Mada imepatikana, na imetoka kwenye meza yangu mwenyewe. Kila asubuhi saa moja na nusu nafungua daftari la mahudhurio ya walimu, nachukua rula ya mbao iliyomegeka pembe, napiga mstari mwekundu chini ya jina la mwisho. Atakayekuja baada ya hapo anatia saini chini ya mstari. Hasemeshwi mtu. Mstari wenyewe unatosha: mwalimu anainama, anaandika jina kwa wino wa buluu chini ya wino wangu mwekundu, anaondoka bila ya kunitazama. Saini zenyewe hazisomeki, kama zimeandikwa na kuku. Siku zote nimezichukulia kuwa ni dharau.

Kichwa cha muda: uchelewaji wa walimu na namna uongozi wa skuli unavyoushughulikia. Dhana yangu, na hii naiandika ili nije niisome baadaye: wanachelewa kwa sababu hawajali, na hawajali kwa sababu Mwalimu Mkuu ni mpole mno.

Saa za kusoma wiki hii: 12 kati ya 15.

2 Februari

Pendekezo limerudi. Msimamizi wangu hutuma ujumbe wa sauti wa WhatsApp akiwa barabarani, unasikia honi kuliko hoja. Huu niliusikiliza mara nne.

"Mwalimu, wewe ndiye mwenye kalamu nyekundu. Utampa mtu dodoso la kumuuliza kwa nini anachelewa, naye anajua mwisho wa mwaka wewe ndiye utakayemwandikia ripoti. Atakwambia kweli ipi?"

Niliudhika siku mbili. Siku ya tatu nikajaribu. Wakati wa chai nikamuuliza mwalimu mmoja, kirafiki tu, kilichomchelewesha Jumatatu. Akasema mtoto alikuwa hoi kwa homa. Mtoto huyo huyo nilimpita Jumatatu asubuhi njiani, anapiga danadana na chungwa.

Haya. Muundo mpya: usaili na dodoso vitafanyika skuli nyengine mbili ambako mimi si mkubwa wa mtu. Skuli yangu itatoa daftari tu, kwa idhini ya Mwalimu Mkuu, majina yawe namba.

18 Februari

Kozi ya tabia za watu kazini. Douglas McGregor, Mmarekani, mwaka 1960 aliwagawa wakubwa kwa namna wanavyomuona mtu wa chini yao. Wa kwanza anaamini binadamu hapendi kazi, lazima asukumwe na atishwe. Wa pili anaamini mtu akipewa nafasi na sababu atajisukuma mwenyewe. Wa kwanza akampa herufi X, wa pili Y.

Nikarudi kuisoma dhana yangu ya Januari 14. X mtupu, na rula mkononi. Sikupata usingizi, ingawa mbu nao wana sehemu yao.

11 Machi

Kibali cha utafiti. Kwa asiye mtu wa huku: kila wizara ina Afisa Mdhamini wake Pemba, ndiye mkubwa wa wizara kisiwani, na karatasi isiyopita kwake haina miguu. Kwake nilipita siku moja. Kilichonichosha ni kabla ya kwake. Ofisi moja niliambiwa muhuri upo kabatini, kabati limefungwa, na mwenye ufunguo yuko Unguja kwenye semina. Nikauliza arudi lini. Karani akanitazama kwa huruma kama ninavyowatazama mimi wazazi wanaouliza matokeo yatatoka lini.

Usiku huu mwezi ukionekana, kesho Ramadhani.

9 Aprili

Ramadhani nzima: saa 19. Kesho Idi.

3 Mei

Nilikuwa nivuke Unguja leo kwa kikao cha ana kwa ana cha kesho. Kimbunga Hidaya kiko baharini, onyo limetolewa, safari za boti za Dar na Unguja zimesitishwa, na mimi sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Mama ndiye aliyefurahi. Tangu Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikiwa inakuja huku kwetu, kila nikimuaga kwa safari ya bahari hanijibu kitu, anachukua tasbihi. Leo kasema Alhamdulillahi kwa sauti na akanipikia muhogo wa nazi.

Kikao nimekikosa. Mwenzangu wa Mwanakwerekwe, Unguja, kaahidi kunipigia picha za ubao.

22 Mei

Hili limenikaa kooni siku kumi. Kazi ya kozi ya pili ilikuwa ya kupakiwa kwenye mfumo wa chuo kabla ya saa sita usiku wa Jumapili tarehe 12. Nilikuwa tayari tangu mchana. Siku ile ile nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia zaidi. Simu ilikuwa inazungusha duara tu. Nilitoka hadi barazani, nikapanda juu ya kibao cha kisima, nikainua simu kama mtu anayetafuta mwezi. Jumatatu mchana mtandao uliporudi kidogo, mfumo ukaandika: muda umepita.

Nimeandika barua pepe na kueleza. Jibu limekuja leo: "Fuata taratibu." Taratibu zenyewe hazikuambatanishwa. Nimekatwa alama tano. Kozi yenyewe, kwa taarifa yenu, ilikuwa inahusu namna kiongozi anavyopaswa kushughulikia malalamiko.

(Picha za ubao zimefika. Nusu yake ni kidole gumba cha mwenzangu.)

8 Juni

Utafiti umeharibika kwa njia ambayo sikuitarajia: umefanikiwa.

Kwenye kikao cha walimu niliwaeleza kuwa nitatumia daftari la mahudhurio, nikaomba ridhaa, wote wakakubali vizuri sana. Tangu siku ile chini ya mstari hakuna mtu. Wiki ya kwanza saini moja, wiki ya pili hata moja. Mwalimu anayekaa mbali kuliko wote sasa namkuta keshafika, kakaa kwenye ngazi anasoma gazeti la juzi. Mwalimu Mkuu anachekelea: "Mwalimu, shahada yako imeshafanya kazi hata hujaipata!" Mimi nataka kulia. Nitapima uchelewaji gani sasa?

Usiku nikafungua moduli, na kisa changu hicho hapo. Baina ya 1924 na 1932, kiwanda cha Western Electric kiitwacho Hawthorne, pembeni mwa Chicago. Walitaka kujua kama taa kali zinaongeza kazi. Wakaongeza mwanga, uzalishaji ukapanda. Wakapunguza mwanga, ukapanda vile vile. Maelezo yaliyoenea ni kwamba watu walibadilika kwa kujua kuwa wanatazamwa. Wataalamu waliokuja baadaye walizirudia takwimu zile na kusema mambo hayakuwa mepesi hivyo. Lakini skuli yangu haijawasoma hao wa baadaye.

Ufumbuzi nimeupata nikiwa jikoni, sufuria ya uji mkononi: daftari la 2023. Limefungwa, limo kabatini, limejaa vumbi, na halijui kuwa linasomwa.

29 Juni

Mitihani miwili, mjini Chake Chake. Swali la tatu lilimtaka Frederick Herzberg, ambaye mwaka 1959 yeye na wenzake walitoa matokeo ya kuwahoji wahandisi na wahasibu 203 wa Pittsburgh: yanayomkera mtu kazini si kinyume cha yanayompa hamu. Mshahara mdogo, mazingira mabaya na msimamizi mkorofi vinamkera. Ukiviondoa atanyamaza, lakini hamu ya kazi ni jambo jengine, inatoka kwenye kazi yenyewe na kwenye kuthaminiwa. Nikajibu kurasa tatu. Pembeni ya karatasi ya rasimu niliandika kwamba katika hao 203 hakuna hata mmoja aliyekuwa akisubiri gari ya abiria ya kwenda Konde. Natumaini rasimu hazisahihishwi.

14 Julai

Usaili umekwisha, walimu kumi na mmoja. Sasa kuandika.

Mwalimu wa 7 ndiye aliyenivuruga. Mwanamke wa rika langu, tulikaa chini ya mwembe nyuma ya skuli yao, simu inarekodi juu ya daftari, kuku anazunguka miguuni. Nikamuuliza kwa uangalifu wote nilioelekezwa, bila ya kumtia maneno mdomoni: baadhi ya watu husema mwalimu anayechelewa anategea kazi, yeye anaonaje? Akacheka. Akaifungua kofia ya kalamu yake, akaifunga.

"Mimi sitegei, mwalimu. Mimi nategwa."

Akanieleza. Gari haiondoki kwa saa, inaondoka kwa kujaa. Ukiiwahi ya kwanza utakaa ndani yake mpaka wapatikane watu. Na mwenye magunia, kwa kuwa analipia mzigo pia, ndiye anayesubiriwa, si mwalimu mwenye mkoba. Akiamka saa kumi anafika saa mbili kasorobo. Akiamka saa kumi na moja anafika saa mbili kasorobo. "Sasa nilale au nisilale?"

Tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza, na usaili wote nimeufanya kwa Kiswahili, kwa hivyo kila neno lao linapita mkononi mwangu. Tafsiri yangu ya kwanza ya sentensi ile ilikuwa na maana ya "mimi si mvivu, nina matatizo ya usafiri". Maiti. Imechukua maana tu na haina hata tone la yule mama. Kutegea na kutegwa ni tumbo moja, na yeye kaligeuza neno langu mwenyewe, la wakubwa, likanitazama. Nimekaa nalo usiku tatu. Mwisho nimeiacha sentensi kwa Kiswahili, nikaweka aya nzima ya maelezo chini yake. Msimamizi kakubali kwa neno moja: "Sawa." Kutoka kwake hiyo ni tuzo.

Jengine lililotoka kwenye kanda, ambalo sikulitafuta. Moduli zote zinapoteza kurasa kutenganisha uongozi, utawala na usimamizi. Nimesikiliza saa zote za walimu kumi na mmoja nikihesabu kwa vijiti: kila mmoja anapomtaja mwalimu mkuu wake au msaidizi, anasema "mkubwa". Mkubwa kasema, mkubwa hayupo, muulize mkubwa. Neno "kiongozi" limetoka mara mbili tu kwa wote, na mara zote mbili lilikuwa la wanasiasa waliokuja kutembelea skuli. Nasomea shahada ya kitu ambacho walimu wangu hawaniiti.

Saa: 17. Ndiyo, nimezidisha.

7 Agosti

Leo nimechelewa kazini.

Kila siku mume wangu hunipeleka kwa honda yake, dakika ishirini na tano, napigwa na upepo, nafika. Leo honda ina pancha na yeye kalala chumbani anaumwa mgongo. Nikaenda kituo cha magari, saa kumi na mbili na robo, nikajisifu kuwa nimewahi. Katika miaka yangu mitano ya usaidizi sijawahi hata siku moja kupanda gari ile kwenda skuli. Hili sikuwahi kulifikiri mpaka nilipokaa kwenye kiti chake.

Tulikuwa sita. Konda anapiga bati: "Mmoja tu, mmoja tu, inaondoka!" Alikuwa akiitafuta hiyo "mmoja tu" kwa dakika arubaini. Mbele yangu mama mwenye ndoo ya dagaa, pembeni walimu watatu wangu mwenyewe. Waliponiona walinyamaza, kisha mmoja akasogea kunipa nafasi na kusema, "Karibu mwalimu," na hakusema zaidi. Tukaondoka. Baada ya daraja tukasimama kumsubiri mtu aliyepiga simu kuwa yuko njiani na mikungu yake ya ndizi. Hakuna aliyelalamika. Nilitaka kulalamika mimi, nikatazama nyuso zile tatu, nikaona haya.

Saa moja na dakika arubaini na mbili. Mwalimu Mkuu alikuwa keshapiga mstari, kwa rula yangu iliyomegeka. Akanisogezea daftari bila ya neno, mpole kama kawaida yake, na upole huo ulinichoma kuliko kukaripiwa. Nikainama, nikaandika. Halafu nikaitazama saini yangu: haisomeki. Mkono ulikimbia wenyewe.

1 Septemba

Daftari la 2023, kurasa zote, zimekwisha kuingizwa kwenye jedwali. Bintiye wa kwanza wa dada yangu ndiye aliyenisaidia kusoma tarehe. Majina sita ndiyo yanayorudi chini ya mstari kuliko mengine. Watano kati ya hao wanapanda gari ile. Jumatatu na siku za mvua ndizo mbaya. Nilikuwa na taarifa hii mezani mwaka mzima, chini ya mstari wangu mwenyewe, na kila siku niliisoma kama orodha ya wazembe.

Wa sita, kusema kweli, ni mzembe. Anakaa mita mia mbili kutoka skuli.

Nimempelekea Mwalimu Mkuu wazo: wa gari wasiwe na kipindi cha kwanza, wafidie kwa kubaki mwisho wa zamu kusimamia usafi na kufunga madarasa. Akakuna ndevu. "Ukimpa mmoja leo, kesho wote watataka, mwalimu." Nikamsimulia jaribio la 1939 la Kurt Lewin na wenzake wawili, la vikundi vya watoto wa miaka kumi chini ya viongozi wa tabia tofauti. Kwa kiongozi wa amri tupu kazi ilikwenda akiwepo, akitoka chumbani inalala. Kwa yule aliyeamua pamoja nao, akitoka waliendelea. "Na mimi nikienda semina," nikamuuliza, "mstari unapigwa na nani?" Akacheka kwa kuwa jibu tunalijua sote: haupigwi.

Lakini alichoamua si nilichopendekeza. Ratiba akaitupa kwenye kikao cha walimu wote, akasema ipangeni, mimi nitatia saini. Saa mbili za ugomvi. Mmoja alitoka nje akarudi. Mama wa mtoto mchanga, ambaye mimi sikumfikiria kabisa, naye akasema lake na akasikilizwa. Yule wa mita mia mbili kapewa kipindi cha kwanza siku zote tano, kwa kauli moja ya kikao, na hakuwa na pa kushika. Mimi ningehitaji muhula mzima na barua mbili za onyo kumfikisha hapo.

22 Septemba

Wiki tatu za ratiba mpya. Daftari sasa lina mistari miwili, mmoja wa saa moja na nusu na mmoja wa kipindi cha pili. Wakaguzi wakija tutaeleza. Chini ya mstari wa kwanza saini mbili kwa wiki tatu, chini ya wa pili nne. Sijui itadumu. Msimamizi kaniambia nisithubutu kuliingiza kama matokeo, haikuwamo kwenye muundo. Liende kwenye mapendekezo, aya moja.

Na hata hizo wiki si safi, kwa kuwa wiki ya mwisho masomo yamehamia uwanjani. Kesho ni Septemba 23, siku ya elimu bila ya malipo iliyotangazwa 1964, na watoto wako kwenye mazoezi ya mbio na gwaride. Mama alikuwa mtoto wa umri wa skuli mwaka ule. Leo kaniuliza nimebakisha kurasa ngapi. Nikamwambia si kurasa, ni masahihisho. Akasema, "Hewala," kisha: "Kurasa ngapi?"

Upatu umefika. Umekwenda.

12 Oktoba

Karafuu. Shamba la mume wangu ni miti michache tu, lakini msimu ni msimu, jioni nyumba nzima iko kwenye mkeka tunachambua, karafuu huku, makonyo kule. Skuli nako madarasa yana mapengo, watoto wameingia mashambani kupeta, kuokota zilizoanguka. Nimejaribu kuwafundisha wanangu kunisomea maswali huku mikono yangu inafanya kazi. Wa kati anasoma Kiingereza cha chuo kikuu kama anatoa adhana. "Eleza! Tofauti! Baina ya!" Bibi yake anaitikia "Amin".

Kurasa za sura ya nne zina alama za vidole vya rangi ya kutu, na chumba chote kinanukia. Mtihani wa kozi ya mwisho niliufanya Jumatano. Karatasi ya majibu nadhani nayo imenukia.

16 Novemba

Programu ya kupima mfanano na maandishi ya wengine imesema asilimia 34, chuo kinataka isizidi 30. Nimepekua nilikoiba: jina refu la wizara, majina ya wilaya, na dodoso langu mwenyewe ambalo nililipakia mwezi Machi. Nimejiibia. Nikaondoa dodoso, ikashuka 26.

Kuprinti Chake, nakala tatu. Umeme ukakatika kwenye ukurasa wa 29 wa nakala ya pili. Kijana wa steshenari akaenda kuswali, nami nikamlindia duka.

9 Desemba

Leo mapumziko, nimekaa na masahihisho tangu alfajiri. Tasnifu imerudi na kalamu nyekundu kurasa nyingi. Nimezoea zaidi kuishika kuliko kuitazama.

Mengi ni madogo. Ukurasa wa 12 koma. Ukurasa wa 41 jumla ya jedwali haifiki 100, kosa la kukadiria desimali, aibu kwa mwalimu wa hisabati. Ukurasa wa 47, kwenye "mimi nategwa", msahihishaji kapiga mstari chini na hakuandika kitu.

Nimebakisha ukurasa wa 58, aya moja ile ya mapendekezo. Niliandika kwa ule mtindo wa kitaalamu usiokuwa na mtu ndani: iliamuliwa kuwa ratiba ibadilishwe. Pembeni kaandika neno moja kwa Kiswahili, kubwa: "Nani?"

Nimelikalia tangu saa nne. Nilianza kuandika "Mwalimu Mkuu", nikafuta. "Walimu", ikabaki kidogo, nikafuta kwa kuwa yeye ndiye aliyewapa. Nilijiandika mimi, nikafuta haraka zaidi. Sasa inasomeka hivi: walimu waliamua, katika kikao walichopewa na mkubwa wao. Sipendi "mkubwa" ilivyogeuka kwa Kiingereza, lakini nimechoka na honda inanisubiri nje, tunakwenda kumjulia hali mgonjwa Gando.

Saa: 16 kati ya 15.